Ripoti ya PAPR ya FAA: hukata ubishi wa mahali ndege ilipo, ila si wote

Mwongozaji ndege aliye ardhini anasema uko maili 2 nje ya njia, skrini yako inakuonyesha katikati ya mstari. Au anakwambia uko futi 6,000 na altimita yako imetulia kwenye 5,500. Kwa ndege iliyofungwa ADS-B Out (mfumo unaotangaza wenyewe mahali na kimo cha ndege) Marekani, pa kuanzia kutafuta kosa ni PAPR, ripoti ya bure ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo. Inaeleza ndege yako ilitangaza nini hewani na kama matangazo hayo yalifikia kiwango cha kanuni.

Kuiomba ni rahisi. Unajaza fomu mtandaoni: namba ya usajili inayoanza na N, msimbo wa herufi na tarakimu sita wa transponda (kifaa cha ndege kinachojibu rada), aina ya kifaa cha kurusha na ya GPS, pamoja na tarehe. Hiyo tarehe ndiyo inayowaangusha wengi, kwa kuwa ni ya UTC, saa moja ya dunia nzima. Ndege iliyopaa Los Angeles saa 19:00 wakati wa kiangazi imeruka saa 02:00 UTC ya siku ya pili yake. Ukiandika ya leo utaambiwa hakuna safari, uanze kumshuku fundi bure.

Ripoti yenyewe haina urembo wowote: ni safu za vifupisho na asilimia, na palipovuka kiwango pamepakwa rangi nyekundu. Anza na namba nne: NIC (uhakika wa mahali) isipungue 7, NACp (usahihi wa mahali) 8, SDA (uhakika wa mfumo wenyewe) 2, na SIL (uaminifu wa chanzo cha mahali, yaani GPS) iwe 3. NIC 7 maana yake GPS inajifunga kwamba hutakuwa nje ya duara la nusu kipenyo cha maili 0.2 za baharini, NACp 8 inabana hadi maili 0.05, kama mita 93. Angalia neno hilo, inajifunga. Hakuna aliyekuja na kamba kukupima. Kifaa kinajitolea ushahidi chenyewe. Kwa hiyo namba nzuri hapa ni hoja yenye uzito mbele ya mwongozaji, lakini bado si hukumu.

Uzuri wa ripoti hii uko kwenye umbo la kosa. Pamoja na asilimia ya ujumbe ulioanguka, yaani usiofikia kiwango, inaonyesha pia idadi kubwa zaidi ya ujumbe ulioanguka mfululizo, na hizo mbili lazima zisomwe pamoja. SIL ikiwa 0 tangu ujumbe wa kwanza hadi wa mwisho, usifungue paneli kufukuzana na nyaya: ama kifaa kimepangwa vibaya, ama GPS inayokilisha haina cheti. NIC ikianguka kwa muda mfupi kisha ikarudi, hiyo ni habari nyingine. Tazama kama ulikuwa unapinda kwa mlalo mkali, antena ikazibwa na mwili wa ndege, au kiunganishi cha antena kimelegea, au mawimbi ya GPS yalivurugwa eneo hilo. Kimo cha shinikizo (kinachopimwa kwa shinikizo la hewa) kikikosekana dakika za mwanzo tu, mara nyingi ni enkoda, kifaa kinachoipa transponda kimo, ya zamani ambayo haijapata moto.

Sehemu ya utambulisho hupuuzwa, na haistahili. Msimbo wa tarakimu sita ukikosewa hata herufi moja, matangazo yako yanahesabiwa kwa ndege nyingine. Wenye vifaa viwili, transponda ya Mode S na kirushaji cha ADS-B cha masafa ya 978 MHz, wahakikishe vyote vina msimbo mmoja. Visipofanana, ndege moja inaweza kuonekana kama mbili, na wewe mwenyewe utaanza kumkwepa mtu anayekufuata kila kona. Ni kivuli chako.

Sasa mapungufu, na si madogo. Chukua ule mfano wa futi 500. Rubani ameacha altimita kwenye 29.92 (inchi za zebaki, kipimo cha shinikizo la hewa) wakati shinikizo la eneo ni 30.42. Kila 0.01 ni kama futi 10. Transponda haijali kitufe cha kuweka shinikizo kwenye altimita. Daima hutuma kimo cha 29.92, kompyuta ya mwongozaji ikaongeza marekebisho ya eneo. Rubani anasoma 5,500, mwongozaji anaona 6,000, tena mwongozaji ndiye aliye sahihi. PAPR ya safari hiyo itatoka safi kabisa, maana kifaa hakikukosea chochote.

Vivyo hivyo kwa umbali. DME, kifaa cha redio cha kupima umbali hadi kituo cha ardhini, hupima mstari wa mshazari: ukiwa futi 36,000 juu ya kituo inasoma karibu maili 6, wakati GPS inasema 0. VOR, kifaa cha redio cha kuonyesha mwelekeo kutoka kituoni, inaruhusiwa kupotoka nyuzi 6 ikikaguliwa angani, na nyuzi 6 ukiwa maili 30 kutoka kituoni ni kama maili 3. Kwa upande wa ardhini, rada ya masafa marefu huzunguka mara moja kwa sekunde 12. Ndege ya noti 180 imeshasogea maili 0.6 kabla alama yake haijasogezwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoonekana kwenye ripoti, kwa hiyo anayeileta kama picha ya skrini ya mwongozaji anajidanganya.

Kwa ndege iliyotoka kufungwa kifaa kipya, ruka angalau dakika 30 ndani ya anga ambako ADS-B ni lazima, dakika 10 kati yake ziwe za kupinda, kupanda na kushuka. Safari iliyonyooka huficha antena mbovu.

Na ripoti ikiwa safi, altimita imewekwa sawasawa, lakini mwongozaji bado anaona tofauti ya futi 300 au zaidi, hapo yeye haukubali tena usomaji huo na anaweza kukuamuru uzime utumaji wa kimo. Mpelekee fundi ndege. Kanuni inataka enkoda na altimita zisiachane zaidi ya futi 125. Mwambie aanze na kijibomba cha hewa tuli kinachoingia kwenye enkoda: kikichomoka, enkoda inasoma hewa ya kabini huku altimita ikiendelea kusoma ya nje.