Upinde mrefu au rikavu? Uzoefu wangu wa pinde mbili hapa Mombasa

Nianze na jibu, kwa asiye na muda wa kusoma yote. Ukiwa unakaa Mombasa na uwezo wako ni wa upinde mmoja tu, chukua rikavu (recurve, upinde wenye ncha zilizokunjwa) ya kufunguka vipande, yenye mikono, yaani zile sehemu mbili zinazopinda, ya ratili 25 au 30. Ratili hapa ni pauni za nguvu ya kuuvuta upinde, si uzito wake. Nasema hivyo ilhali ninaoupenda zaidi ni ule mrefu.

Upinde mrefu nilionao ni wa inchi 68, wa mbao zilizogundishwa tabaka kwa tabaka na kuvikwa faiba (fiberglass). Rikavu ni Samick Sage ya inchi 62: kishikio cha mbao, na mikono miwili inayofungwa kwa bolti. Kwa wageni wa mambo haya, ncha za rikavu zimekunjwa kutazama mbele, kwa hiyo upote ukitulia unalala juu ya mikono. Upinde mrefu hauna mkunjo huo, na upote unagusa ncha peke yake.

Mkunjo huo mkononi una maana kubwa. Rikavu inabeba nguvu mapema, kisha inavutika laini mpaka shavuni, na kwa ratili zilezile hurusha mshale kwa kasi zaidi. Ukisimama mita 30 kutoka kwenye gunia utauona mshale wa upinde mrefu ukichora tao kubwa zaidi hewani. Lakini upinde mrefu ni mwepesi, hauna makeke, na mkono wako ukiyumba kidogo unapoachia, hauadhibu sana. Tena ni mkimya. Rikavu ina mlio, kwa sababu upote ukirudi unachapa mikono yake. Nimefunga vishada viwili vya uzi wa sufi kwenye upote, mlio umepungua sana ila haujaisha.

Ratili zinazoandikwa kwenye upinde hupimwa ukivutwa inchi 28. Kila inchi unayopungukiwa inaondoa kama ratili 2 hadi 3, basi mwenye mikono mifupi akinunua wa 30 huenda kwake ukawa 25. Hilo si baya hata kidogo. Anayeanza na upinde mzito hujifunza kutetemeka kabla ya kujifunza kulenga. Kwa rikavu ya kufunguka, ukipata nguvu unanunua mikono mizito zaidi na kuifunga kwenye kishikio kilekile, lakini upinde mrefu wa kipande kimoja utabaki na uzito wake maisha yote.

Sasa tuje kwa bahari, maana hapa ndipo ushauri wa watu wa bara na wa Ulaya unapotuacha. Hewa yetu ina chumvi. Bolti za Sage nisipozipangusa, kutu ya rangi ya chai inaanza kwenye meno yake na kuacha vumbi jekundu kwenye mbao ya kishikio. Dawa yake ni tone la mafuta ya cherehani na kitambaa kikavu, kila nikimaliza kufuma. Upinde mrefu hauna chuma hata kidogo, nafuu kubwa hiyo. Zote mbili zinachukia joto la gari lililofungwa vioo. Gundi ya tabaka hulainika, na mikono inaweza kuachana. Nikishuka Mwembe Tayari kununua kitu, upinde unashuka nami.

Na upote wa Dakroni (uzi wa polyester) hurefuka, hasa siku za jua kali. Kwa rikavu hii ya inchi 62 nataka nafasi kati ya kishikio na upote iwe inchi 7 na nusu hadi 8 na robo. Ikipungua, navua upote, nausokota mizunguko kadhaa ufupike, narudisha. Kuuvisha natumia kamba maalumu yenye vifuko vya ngozi vya kushika ncha. Ukiuvisha kwa kupitisha mguu ndani ya upinde, mikono ya rikavu inaweza kupindika upande, ila upinde mrefu hapo hustahimili zaidi kidogo.

Wakati wa masika jambo lililonipa uamuzi ni manyoya. Upinde mrefu kwa kawaida hufumwa mshale ukiwa juu ya kishikio au juu ya ngumi yako iliyoushika, hivyo lazima mishale iwe na manyoya halisi yanayolala yakipita. Manyoya yakilowa yanasinyaa, na mshale unayumba. Kishikio cha Sage kina matundu ya kufungia kituo cha mshale, yaani kipande kidogo mshale unapokalia, kwa hiyo natumia vibawa vya plastiki na mvua hainisumbui. Upepo ni suala jingine. Kusi ikishika kasi, mshale wa polepole husukumwa pembeni zaidi, kwa hiyo miezi hiyo nafuma alfajiri, kabla bahari haijaamka.

Usafiri ndio rahisi kueleza. Inchi 68 ni kama sentimita 173, yaani urefu wa mtu mzima. Kwenye matatu haina pa kukaa, kwenye tuktuk inatokeza nje. Rikavu inafunguka na kuingia mkobani. Kivukoni Likoni, mkoba ukikaguliwa, nafungua, naeleza, naonyesha mikono na mishale isiyo na chembe za kuwindia, napita. Hata kuagiza kutoka nje, kifurushi kirefu hutozwa zaidi.

Kwa nini basi naupenda ule mrefu? Kwa sababu ni wa kwetu. Nyuma ya pwani hii, kuelekea Tsavo, Waata, jamii ya wawindaji, waliwinda tembo kwa pinde ndefu za mbao zenye uzito uliopita ratili 100, na mishale iliyopakwa sumu ya mti wa Acokanthera. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na mimi nafuma gunia lililojazwa matambara na usumba. Ila nikiushika upinde usio na bolti wala kituo cha mshale, najua kuna wazee walioufahamu kuliko kitabu chochote.

Kama na wewe moyo umeng'ang'ania upinde mrefu, tafuta unaotengana vipande viwili kwenye kishikio. Upo, unasafirika. Usizidishe ratili 35, uagize pamoja na kamba ya kuuvishia, na kabla ya kununua mishale mweleze muuzaji ratili zako halisi na inchi unazovuta, akupe mishale yenye ugumu unaolingana. Mshale mgumu kupita kiasi au mlaini kupita kiasi utakwenda kando hata ukilenga vizuri namna gani.