Mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, kwa mwenye kipandauso na AF: uzoefu wangu Lamu

Hii mashine niliitafuta kwa kazi moja tu: kabla ya kumeza kidonge cha kichwa, nijue moyo unaendaje. Nina kipandauso, na nina ule ugonjwa unaoandikwa AF kwenye kadi ya kliniki, ambapo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka ovyo badala ya kusukuma damu kwa mpangilio. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne kati ya tano. Anayetaka imwambie ana ugonjwa gani wa moyo abaki na pesa zake, maana hilo ni jambo la ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, na mapigo yanayovurugika kisha yakarudi sawa huhitaji kile kifaa cha kuvaa saa 24. Kwa wengi wa kisiwani hapa, maana yake ni safari ya Mombasa.

Ile ndogo ya kufunga kwenye kifundo cha mkono msinunue. Mkono ukishuka kidogo chini ya kifua, namba inapanda, na mtu mwenye kichwa kinachomgonga hana subira ya kuushika sawasawa. Chukua ya juu ya kiwiko, na kabla ya kulipa pima mzingo wa mkono wako kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wa kawaida ni wa sentimita 22 hadi 32, mkubwa ni 32 hadi 42. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo, na watu wamepewa dawa za presha kwa sababu hiyo tu.

Sasa ile alama ya moyo inayomwekamweka, ambayo wauzaji wanaipigia debe. Mashine haisikilizi moyo. Inahisi mtikisiko wa mshipa ndani ya mkanda hewa inapopungua, kisha inakisia. Mapigo yakipishana na namba nazo zinapishana: kipimo cha kwanza kinaweza kuwa 138/88 na cha pili 121/79 bila wewe kuinuka kitini. Kwa mwenye AF kipimo kimoja hakina maana. Pima mara tatu, pumzika dakika moja kila baada ya kipimo, kisha chukua wastani. Alama yenyewe huwaka hata ukikohoa, ukiongea au ukisogeza vidole, na kutowaka kwake si cheti cha uzima.

Hesabu ya mapigo nayo usiiamini peke yake. Weka vidole viwili kwenye kifundo, upande wa kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Ule mtindo wa sekunde 15 mara nne ni wa moyo ulionyooka. Hata vidole vitapunguza kidogo, kwa kuwa mapigo mengine ya AF ni dhaifu mno kufika mkononi.

Kupima kwenyewe: nenda chooni kwanza, kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zikanyage chini, miguu isipandane. Baraza ya nje haifai, kila anayepita atataka salamu. Tulia dakika tano, zaidi kama umetoka kupanda ngazi za nyumba za mawe. Toa mkono kwenye kanzu kabisa badala ya kukunja nguo juu ikakaza, ufunge mkanda sentimita mbili hivi juu ya kiwiko, mkono ulale mezani usawa wa moyo. Kahawa chungu iwe imepita nusu saa. Miraa ni balaa zaidi: inauchochea moyo na kupandisha presha, na kwa mwenye AF mimi naiona ni ya kuachwa, si ya kupunguzwa. Maumivu yenyewe pia hupandisha namba, kwa hiyo vipimo vya siku ya kipandauso usivichanganye na vya siku nyingine.

Faida yake inaonekana kwenye dawa. Propranololi hutumika kwa magonjwa yote mawili: kuzuia kipandauso, kwa kawaida 80 hadi 160 mg kwa siku, na kupunguza mbio za moyo. Mwenye pumu haimfai. Mapigo yakishuka chini ya 50 na kichwa kikawa chepesi, mwone daktari siku hiyo hiyo, lakini usiikate ghafla, moyo hurudi kwa kishindo. Tena propranololi hupandisha rizatriptani, dawa ya kukata kipandauso kilichoanza, mwilini, ndiyo maana anayezitumia zote mbili hupewa rizatriptani ya 5 mg, si 10. Dawa za jamii hiyo, ziitwazo triptani, pamoja na sumatriptani, hubana mishipa. Haziandikiwi mwenye mishipa ya moyo iliyoziba, aliyewahi kupata kiharusi, wala mwenye presha isiyotulia, na sumatriptani haifai pia kwa mwenye njia ya ziada ya umeme ndani ya moyo. Mpelekee daktari namba zako kabla hajaandika.

Ukiwa kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zinaongeza hatari ya kutoka damu. Vidonge vingi vya kichwa vya dukani ni mchanganyiko wenye aspirini na kafeini, basi soma nyuma ya pakiti. Kinachobaki ni parasetamoli: gramu moja kichwa kinapoanza, isizidi gramu nne kwa saa 24. Anayetumia warfarini, mojawapo ya dawa za kuzuia damu kuganda, akimeza parasetamoli siku mfululizo awaambie kliniki, kwani inaweza kuongeza nguvu ya warfarini. Kwa kutapika, domperidoni inaweza kuvuruga umeme wa moyo. Na sisi wa pwani tusisahau malaria: dawa mseto ya artemetha na lumefantrini nayo ina tahadhari hiyo hiyo, basi taja moyo wako kabla hujapewa.

Daftari ni muhimu kuliko kumbukumbu ya mashine. Mimi naandika saa, vipimo vitatu, mapigo ya kidole, alama imewaka au la, kichwa kwa 0 hadi 10, dawa na miligramu zake. Hapo ndipo unagundua umemeza za maumivu siku ngapi kwa mwezi. Parasetamoli ikifika siku 15, au michanganyiko na triptani zikifika siku 10, dawa yenyewe huanza kuleta kichwa. Ramadhani andika na saa ya daku na futari, ili daktari apange dozi kabla mwezi haujaandama. Kahawa ianze kupunguzwa wiki moja au mbili mapema, kichwa cha kukosa kahawa kisije kikahesabiwa kuwa kipandauso.

Kuna wakati mashine ibaki kabatini. Miale ya machoni kabla ya kipandauso huenea polepole, dakika 5 hadi 60. Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, hicho kinaweza kuwa kiharusi, na AF huleta madonge ya damu. Nenda hospitali, usiseme ni kichwa kile kile. Ukiwa nje ya mji wa Lamu, kumbuka kuna kupata boti kwanza. Kifua kikibana au ukazimia, hivyo hivyo.

Nyota ya tano nimeikata kwa chumvi ya bahari. Vyuma vya betri hushika kutu ya kijani, na betri dhaifu huifanya pampu ijaze mkanda polepole mpaka mashine iandike kosa katikati ya kipimo. Toa betri ukisafiri, futa vyuma kwa kitambaa kikavu, ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na dirisha. Ukizitoa betri, saa na tarehe hupotea. Na kama ni ya watumiaji wawili, angalia kitufe kabla ya kupima, la sivyo presha ya mwenzako itaingia kwenye wastani wako.