Ruta Inayojizima Kila Jioni: Uzoefu Wangu

Kwa mwenye haraka: ruta hii, yaani kile kifaa kinachosambaza waifai nyumbani, ni nzuri kwa bei yake, ila adapta inayokuja nayo kwenye boksi, ile ya kuichomekea kwenye umeme, ni ya hovyo. Ukiinunua, tenga na hela ya adapta nyingine. Jinsi nilivyofika hapo ni habari ndefu kidogo, lakini itamfaa hata mwenye ruta ya aina nyingine kabisa, maana dalili hizi nimezisikia kwa watu wengi, na wengi wao huishia kununua ruta mpya au kugombana bure na kampuni ya intaneti.

Ni ruta ya kawaida ya nyumbani: antena nne, waifai ya GHz 2.4 na ya GHz 5, matundu manne ya waya kwa nyuma na tundu moja la USB. Niliichukua hapa Dar es Salaam kwa sababu ile tuliyofungiwa na kampuni haikuwa inafika chumba cha nyuma. Faiba inaingia kwenye kile kiboksi cheupe cha kampuni, na kutoka pale waya unakuja kwenye ruta yangu. Nyumba yetu ina watu wa kutosha: mimi ninayefanyia kazi nyumbani siku nyingi, mume wangu, watoto, mdogo wangu anayesoma chuo, na televisheni ambayo siku hizi nayo inadai bando kama binadamu.

Miezi ya mwanzo sikuwa na la kulalamika. Kisha ikaanza visa. Mchana shwari, ikifika saa moja na nusu, saa mbili usiku, waifai inapotea kwenye simu zote kwa mpigo, halafu baada ya dakika mbili hivi inarudi yenyewe. Siku nyingine hairudi: taa zote zinawaka, jina la waifai unaliona, lakini hakuna kinachopita mpaka uichomoe kwenye umeme. Watoto walishaizoea. Mmoja akipiga kelele "imekufa!", mwenzake anakimbilia soketi.

Nilipiga simu huduma kwa wateja ya kampuni ya intaneti. Dada aliyepokea alikuwa mstaarabu, ila jibu lake lilikuwa moja: zima, subiri kidogo, washa. Nikamwambia hilo tunalifanya kila jioni. Akasema basi chukua pini, bonyeza kile kitundu cha nyuma. Hapo nikamshukuru nikakata. Kitundu hicho kinafuta kila kitu: jina la waifai, nywila, na kwa wale ambao kampuni imewapa jina na nywila ya kuingilia mtandaoni, navyo vinakwenda. Kama hukuviandika mahali, utakaa bila intaneti mpaka mtu wa kampuni apatikane, na wote tunajua mtu wa kampuni anavyopatikana. Kitundu kiwe cha mwisho kabisa, na kabla ya kukigusa piga picha kurasa zote za mipangilio.

Cha kujiuliza kwanza ni kama iliyokufa ni ruta au intaneti. Kwenye simu vyote viwili vinafanana, ndiyo maana lawama hupelekwa kusikohusika. Mambo yakigoma, fungua kivinjari uandike anwani ya ruta yenyewe. Yangu ni 192.168.1.1, nyingine ni 192.168.0.1, mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko cha chini. Ukurasa ukifunguka, ruta ni nzima na shida iko huko nje, kampuni ibanwe. Usipofunguka, ruta imeganda au imezima. Wangu haukufunguka.

Ikisharudi, ingia kwenye ukurasa huohuo utafute panapoonyesha ruta imewaka kwa muda gani. Jioni moja nilikuta dakika 4. Hakuna aliyeigusa, umeme haukukatika, feni ilikuwa inazunguka na friji inanguruma. Maana yake ruta ilijizima ikajiwasha yenyewe. Kwenye orodha ya matukio nako kulikuwa na mistari yenye tarehe 1 Januari 1970, na mdogo wangu akaapa kwamba tumeingiliwa na wadukuzi. Hapana. Ruta nyingi hazina betri ya kutunza saa. Zikiwaka zinaanza kuhesabu kutoka tarehe hiyo, ambayo ndiyo mwanzo wa saa ya mifumo ya Unix, mpaka zitakapopata saa sahihi kutoka mtandaoni. Kwa hiyo kila 1970 unayoikuta katikati ya matukio ya leo ni alama kwamba hapo ilizima ikawaka upya. Yangu ilikuwa nazo tele, na karibu zote za baada ya magharibi.

Nikaanza kumshuku joto. Ilikuwa Februari, na anayeijua Februari ya Dar hahitaji maelezo. Ruta ilikuwa ndani ya kabati la TV, imekalia king'amuzi, na king'amuzi chetu kinachemka kama pasi. Kijitabu cha ruta kinataja nyuzi 0 hadi 40, na hiyo ni hewa inayoizunguka ruta pale ilipo, si hewa ya sebuleni. Nikaitoa kabatini, nikaipuliza vumbi kwenye matundu ya hewa, nikaitundika ukutani kwa misumari miwili. Vishimo vya kutundikia vipo chini yake, sijui kwa nini hakuna anayevitumia. Faida niliiona: waifai ikafika mbali zaidi na kujizima kukapungua. Lakini hakukuisha.

Programu yake ya ndani niliisasisha pia, kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya na si kwa waifai, mapema asubuhi, maana umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo ruta inaweza isiamke tena. Usiku uleule ikajizima kama kawaida yake. Kuhusu chaneli, yaani njia ambayo waifai inarushia mawimbi yake, jirani mmoja alinishauri nihamie 1, 6 au 11 kwenye GHz 2.4. Ni ushauri mzuri kwa anayeishi kwenye fleti zilizobanana, kwa sababu hizo tatu haziingiliani, ila msongamano wa waifai unaleta uzito, hauizimi ruta.

Mdogo wangu ndiye aliyefungua njia bila kujua. Alikuwa na diski ya filamu ameichomeka kwenye tundu la USB la ruta ili televisheni isome kutoka pale. Wikiendi moja akaondoka nayo chuoni, na nyumba ikawa na amani. Aliporudi nayo, balaa likarudi nayo. Sasa fikiria: diski ile haina waya wake wa umeme. Inakula kutoka kwenye ruta, ruta inakula kutoka kwenye adapta. Tundu la kawaida la USB linaweza kutoa hadi wati 2.5. Mchana ruta inahudumia kompyuta yangu tu. Jioni simu zote zimerudi nyumbani, televisheni imewaka, diski inazunguka, waifai zote mbili zinarusha kwa nguvu. Adapta imeandikwa 12V 1A, yaani volti 12 na ampea 1, ambazo ni wati 12 kwa juu kabisa, na hizo ni za siku ilipotoka kiwandani.

Nikaichukua adapta peke yake nikaenda nayo Kariakoo kwa fundi anayetengeneza redio na vidude vya umeme. Akaichomeka, akagusisha multimita, kile kipimo cha umeme, kwenye ncha: volti 12.2. Nikasema basi ni nzima. Akacheka.

"Dada, isipobeba mzigo kila adapta ni nzima."

Akatoa kwenye droo taa ya indiketa ya pikipiki, ya 12V na wati 10, yenye nyaya mbili zilizochomelewa, akaiunga kwenye adapta huku multimita ikiwa palepale. Taa ikawaka rangi ya chungwa hafifu. Namba zikashuka mpaka 9 na pointi, zikaanza kuchezacheza bila kutulia. Kisha akaleta adapta yake ya mezani akaiunga taa ileile: nyeupe, na namba haikutikisika. Nadhani hapa hata mtoto angeelewa.

Adapta hizi hazina skrubu, zimegundishwa. Akaibana kwenye jiliwa, gamba likaachia kwa mlio. Ndani, karibu na waya wa kutokea, kulikuwa na kapasita mbili. Moja ilikuwa na kichwa bapa, ya pili kichwa kimevimba kwa juu na pembeni yake pana ukoko wa kahawia. Akaielekezea ncha ya bisibisi: "Ruta yako haina ugonjwa. Mgonjwa ni huyu."

Kazi ya kapasita hiyo ni kuutuliza umeme uwe laini kabla haujafika kwenye ruta. Ndani yake kuna kimiminika, na joto linakikausha polepole. Ubavuni ilikuwa imeandikwa 85°C. Za gharama kidogo huandikwa 105°C. Mafundi wana kanuni ya kukadiria kwamba kila ukipunguza nyuzi 10 za joto, umri wa kapasita unakaribia kuongezeka maradufu. Kwa hiyo tofauti ya kapasita ya bei chee na ile nzuri kidogo, kwenye nchi ya joto kama pwani yetu, ni tofauti ya miaka. Kiwanda kimebana senti hapo, halafu antena zimewekwa nne ili boksi lipendeze dukani.

Fundi angeweza kuibadilisha, ila nilinunua adapta mpya ya 12V 2A kwa shilingi 15,000, ikajaribiwa kwa taa ileile kabla sijatoa hela. Muulize muuzaji wako akufanyie hivyo. Akikataa, nenda meza ya pili. Nawatahadharisha pia kwenye volti: lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye ruta, kama ni 9 ni 9, kama ni 12 ni 12. Ampea zikizidi hakuna ubaya, ruta inavuta inachohitaji tu, na habari kwamba "ampea 2 itaiunguza" ni uzushi. Angalia kale kamchoro ka duara lenye alama ya kujumlisha na kutoa, vyote viwili vifanane. Tena angalia ncha. Ncha za nje zinalingana milimita 5.5, ila tundu la ndani liko la 2.1 na la 2.5. Ukichukua ya 2.5 kwa ruta ya 2.1 itaingia vizuri kabisa, halafu kila mtu akipita na ufagio karibu nayo inazima.

Tangu hapo ukurasa ule wa kuonyesha muda unahesabu wiki, hauhesabu dakika. Dukani nilikonunua ruta nilirudi kuulizia waranti. Wakasema waranti ni ya ruta, adapta ni kifaa cha ziada. Kifaa cha ziada! Ruta bila adapta ungeifanyia nini, uiweke maua?

Nimeongeza pia ile yuupiiesi ndogo ya ruta, kiboksi cha betri kinachokaa kati ya adapta na ruta, ili umeme ukikatika nisipotee katikati ya kikao. Inafanya kazi na naipendekeza, ila msidanganyike na maandishi yake. Yangu imeandikwa 8,800 mAh, ambacho ni kipimo cha ujazo wa betri, na muuzaji akaniapia kwamba inakaa muda wa saa nane. Namba hiyo ni ya betri za volti 3.7, ukizidisha unapata kama wati 32 za saa moja. Ruta na kiboksi cha faiba kwa pamoja, zikila wati 12 hivi, na kuna kinachopotea njiani, ni saa mbili na kidogo. Ndizo ninazozipata. Na adapta ya ampea 1 haiwezi kuchaji betri na kulisha ruta kwa wakati mmoja, kwa hiyo ile ya ampea 2 hapa ni lazima.

Kuhusu ruta yenyewe: chumba cha nyuma sasa kinapata waifai, GHz 5 ni ya kasi sebuleni na inafifia ukutani kama kawaida ya GHz 5, mipangilio inaeleweka. Programu yake ya simu inakulazimisha ufungue akaunti ndipo ubadilishe nywila ya waifai ya nyumbani kwako, jambo ambalo kivinjari kinalifanya bila kukuuliza jina, basi nimeifuta. Taa ya buluu inamulika sebule nzima usiku. Nimeibandika kipande cha utepe mweusi. Diski ya filamu imerudi mahali pake, ila tundu ni USB 2.0, kuhamishia filamu kubwa utaenda kupika na kurudi. Nyota tatu kati ya tano, na ya nne ningeitoa kwa moyo mweupe kama wangeweka adapta ya ampea 2 ndani ya boksi.