Biblia ya Union Version yenye zipu, mwezi wa nne sasa naitumia

Nilinunua hii Biblia katikati ya Kampala kwa elfu hamsini, ile Union Version ya 1952, maandishi makubwa, na huko nyuma ina itifaki fupi, yaani orodha ya maneno na aya yanapopatikana. Jamani zipu imeniangusha, wiki ya tatu tu meno yakaachana, nikarudisha dukani wakasema kitu kikishatoka hakirudi, sasa naifunga na raba bendi. Nyota mbili naziondoa hapo hapo.

Lakini ndani! Mhubiri mmoja alituambia imeandikwa "jisaidie nami nitakusaidia", watu wote amina, mimi nikarudi nyumbani nikafungua itifaki kwenye "saidia", nikafuata aya moja moja mpaka usiku, nikahakikisha na Biblia ya kwenye simu, hakuna. Hakuna kabisa ndugu zangu, ni msemo wa watu tu. Ndio nikaelewa kwa nini Matendo 17:11 inawasifu watu wa Beroya, wao hata Paulo mwenyewe akihubiri walichunguza maandiko kila siku. Sio kumdharau mtumishi, namheshimu sana, ila Neno liko juu yake.

Na juu yangu pia, hapo ndio paliniuma. Mimi nauza maharage soko la Owino hapa Kampala, na chini ya sahani ya mizani nilikuwa nimebandika kijiwe, kidogo tu, kila kilo inapungua konzi moja. Asubuhi moja kabla ya wateja nikakuta Mithali 11:1, mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA. Alama ya kidole changu chenye vumbi bado ipo kwenye huo ukurasa. Kijiwe nilikibandua siku hiyo hiyo.

Wengine hapa wanashangaa nasoma kwa Kiswahili, eti lugha ya wanajeshi, wakati Wakristo wa kwanza wa Buganda, wale abasomi yaani wasomaji, wengi walianza na maandiko ya Kiswahili, Biblia nzima ya Luganda ilikuja 1896. Kweli Kiswahili chake ni cha zamani, kijana wangu ananiuliza "kuadibisha" ni nini, kwake nitachukua Biblia ya Habari Njema, ile ya Kiswahili chepesi.

Nyota tatu. Ukienda kununua vuta zipu mara kumi mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela, na fungua nyuma uone itifaki ipo, kuna zingine hazina.