Miche ya migomba ya tishu, Pongwe: 37 hai kati ya 40

Mwaka juzi niliagiza miche 40 ya tishu, ile inayooteshwa ndani ya chupa maabara, kwa muuzaji wa mkoa wa mbali. Ilikuja kwa basi, siku mbili njiani, ndani ya boksi la biskuti. Nilipofungua, majani yamelala kama mchicha wa jana. Iliyoshika shambani ilikuwa 11. Nikampigia muuzaji, akaniambia nimwagilie. Nikamwagilia vijiti.

Kwa hiyo kitalu hiki cha Pongwe nilikiendea na kinyongo changu. Kijana wa pale akanipokea, "Shikamoo mwalimu" (sijui alijuaje, labda viatu), na kabla ya kutaja bei akauliza udongo wangu ukoje na maji nayatoa wapi. Akachana kiriba kimoja, akapangusa udongo kwa kidole gumba, akanionyesha mizizi: myeupe, imesokotana, haina doa. Mche ulikuwa shilingi 2,500, nikachukua 40.

Unacholipia hasa ni ile miezi miwili chini ya neti. Mche uliotoka kwenye chupa haujawahi kupigwa na upepo, na jani lake bado halijui kuzuia maji yasipotee. Hapa wanaukomaza, wanapunguza kivuli kidogo kidogo mpaka uzoee jua. Ile ya kwangu ya mwanzo maabara haikuikosea kitu. Ilikosa mtu wa kuilea karibu na shamba langu.

Wiki ya tatu majani ya chini yakaanza umanjano. Nilipiga simu saa nne asubuhi, saa kumi kijana kashafika kwa bodaboda. Akafukua kidogo, akanusa. "Mwalimu, samadi hii mbichi." Kweli, niliitoa zizini juzi yake. Yule muuzaji wa mbali angesema nimwagilie.

Na sisi wa Tanga tusijifanye wageni wa mambo haya. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62. Nikikumbuka boksi langu la biskuti namwonea huruma. Baadaye mkonge chotara namba 11648 ulizalishwa huku huku Tanga, jirani na mashamba yenyewe. Hata mbung'o madume waliohasiwa kwa mionzi ili majike wasizae, wakamwagwa Unguja katika miaka ya 1990, mpaka mbung'o wakaisha kisiwani, walifugwa Tanga. Kitalu hiki nacho kinaishi kwa ujirani wa namna hiyo: mzee anayewaongoza kuchanganya udongo alizeekea kwenye vitalu vya mkonge.

Kasoro zipo. Risiti hawatoi mpaka uidai. Na kibao cha nje, cha aina ya ndizi tamu iitwayo Kisukari, kimeandikwa "Kisukari, haugui magonjwa". Si kweli. Mche wa tishu unakuja bila fukusi wala minyoo fundo (ile midogo ya kwenye mizizi), lakini ukiupanda palipopita mnyauko wa Panama, ugonjwa wa ukungu, Kisukari utanyauka tu, ugonjwa umo udongoni. Nilipomwambia kijana alicheka: "Kibao alichora fundi, mwalimu, na keshalipwa."

Huu mwezi wa tano tangu nipande, 37 iko hai. Miwili ilikufa yenyewe, mmoja kaula mbuzi wa jirani. Jumamosi narudi kuchukua miche 30 ya Mzuzu, ndizi za kupika, na safari hii nakwenda na kreti zangu za soda, maana mifuko yao ya kubebea inapasuka kabla hujafika barabarani.