Paa limeng'oka na upepo: fundi wa mtaani au mkandarasi aliyesajiliwa?

Kimbunga Hidaya Mei 2024 kilipiga zaidi Mafia na Kilwa, ila huku Dar tulijifunza kwamba upepo ukija paa lako ndo linaongea kwanza. Sasa umwite nani?

Fundi wa mtaani anakuja leo leo, anapanda juu, anakwambia "bosi kenchi zimeoza" (zile mbao zinazobeba bati), bei mnaongea. Tatizo ni advansi. Mimi nilimpa mmoja hela ya bati na misumari asubuhi, jioni simu haipatikani, wiki ya pili namkuta site nyingine anapiga plasta na ananisalimia kabisa shikamoo! Kwa hiyo vifaa nenda nae hadware ulipe mwenyewe, na uangalie geji, yaani unene wa bati, maana 28 ni nene kuliko 30 na wengi wanakuchanganya hapo, afu ufundi ulipe kwa hatua, ya mwisho mpaka mvua inyeshe uone kama panavuja.

Mkandarasi ana mkataba, ana risiti, na jina lake unaweza kuuliza Bodi ya Usajili wa Makandarasi kama kweli yupo. Ila ni gharama, na kibanda cha vyumba viwili wengi hata hawaji.

Mi naona bati tano sita zilizopeperuka, fundi aliyemjengea jirani yako anatosha kabisa. Ukuta umepasuka au lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) imecheza, hapo usibane hela, tafuta mwenye usajili.