Bushi za lowa am, raba au poli? Nimefunga mwenyewe nyumbani, nawaambia nilichokiona

Hii mnayoiona mkononi ndo bushi, yani raba iliyozungukwa na chuma nje na ndani, ya nyuma ya lowa am, ule mkono wa chuma wa chini unaoshikilia tairi ya mbele, upande wa kulia, gari ni Toyota Corolla NZE121. Angalieni nikiisukuma kidogo na kidole, mmeona? Raba imeachana na chuma karibu mzunguko mzima, katikati panacheza kama jino bovu. Na hii bushi haikuwa imemaliza hata miezi 5 toka ifungwe.

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo ni uchambuzi wa bushi, na naomba mnisikilize mpaka mwisho maana hili suala linakula pesa za watu wengi sana, yani mtu anabadilisha bushi mara 2 kwa mwaka na kila mara anaambiwa zile za mwanzo zilikuwa feki. Feki zipo, sikatai, Kariakoo pale utauziwa kitu kwenye boksi zuri kabisa alafu ndani raba ngumu kama plastiki. Ila hii niliyoshika haikufa kwa ufeki. Nitawaonyesha iliuliwa na nini.

Kwanza dalili. Kwangu ilianza kwenye matuta, ukishuka tuta unasikia "gok" chini ya miguu, mara moja tu, sio mlio wa stebilaiza linki (kile kifimbo kinachozuia gari kulala kwenye kona) ule wa kakaka kakaka kwenye barabara ya vumbi. Alafu ukishika breki gari inavuta upande, ukiachia inarudi. Tairi ya mbele ikaanza kuliwa upande wa ndani. Wengi hapo wanakimbilia shokapu, wananunua shokapu 2 mpya na mlio uko palepale. Kabla hujatoa hela fanya hivi: mtu akae kwenye usukani, injini inawaka, mguu kwenye breki umekanyagwa vizuri, aingize D kisha R taratibu. We simama pembeni, usisimame mbele wala nyuma ya gari, angalia tairi kwenye uwazi wa fenda. Ikienda mbele na kurudi nyuma kwa kuonekana kabisa, bushi ya nyuma ya lowa am ndo wa kwanza kushukiwa.

Sasa nilichonunua. Nilichukua aina 2, raba za kawaida za kampuni inayotengeneza bushi kwa ajili ya magari ya Kijapani, na poli, yani zile za poliyurithini, plastiki ngumu inayonyumbulika. Poli wanaojulikana duniani ni kama Powerflex wa Uingereza na SuperPro wa Australia, zangu sio za hao, niliagiza kwa mtu, zilinigharimu karibu mara 3 ya raba. Ukienda dukani kutafuta raba usiseme tu "bushi za NZE", beba namba. Kwa Toyota nyingi za kuvuta mbele namba ya bushi ndogo ya mbele inaanza na 48654 na ile kubwa ya nyuma inaanza na 48655, tarakimu zinazofuata ndo zinatofautisha gari na gari, kwahiyo mpe muuzaji namba ya chesisi akutafutie kamili.

Kazi yenyewe nyumbani inawezekana, ila stendi za kushikilia gari ni lazima. Wakuu, tofali la saruji linapasuka bila kukuaga, usiingie chini ya gari iliyokaa kwenye tofali wala kwenye jeki peke yake, tafadhali sana. Legeza nati za tairi gari ikiwa chini, nyanyua, weka stendi, toa tairi, fungua bolijointi (kiungo cha mpira kinachounganisha am na upande wa tairi) kwenye lowa am, alafu bolti za lowa am kwenye krosimemba, ile fremu ya chuma iliyokatiza chini ya injini. Kulia ilitoka kwa saa moja. Kushoto nilikaa mpaka Magharibi, bolti ya mbele inataka kutoka lakini inagonga gia boksi, ikabidi niweke jeki chini ya krosimemba nilegeze bolti zake niishushe kidogo ndo ikapata njia. Kama huna nafasi ya kufanya hivo mpe fundi upande huo, hakuna aibu yoyote.

Kutoa bushi ya zamani, jamani msichome moto. Najua gereji nyingi wanachoma, raba inaungua moshi mweusi kila mtu anavuta. Mi nilitoboa raba kwa drili mpaka ikaachia, likabaki ganda la chuma la nje, nikalikata kwa msumeno wa chuma taratibu, nikiacha unene kidogo ili nisiikwaruze am yenyewe, kisha patasi na nyundo likajikunja likatoka. Kabla ya yote hayo weka alama kwenye am jinsi bushi ilivyokaa, maana ile kubwa ina matundu kwenye raba na yameelekezwa upande maalum, ukiifunga imegeuka haifanyi kazi iliyokusudiwa.

Kuingiza mpya, nililaza bushi kwenye friza usiku mzima chuma kisinyae kidogo, asubuhi nikapiga msasa tundu, nikapaka maji ya sabuni, nikavuta na bolti ndefu ya tredi, washa nene na kipande cha bomba. Hilo bomba likandamize ganda la nje tu. Ukikandamiza katikati unachana raba kabla hata hujaendesha. Na usipake oili wala grisi ya kawaida kwenye raba, inaivimbisha.

Sasa hapa ndo penyewe. Bushi ya raba imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje. Ukikaza bolti, chuma cha ndani kinabanwa na krosimemba, hakizunguki tena, kwahiyo lowa am ikipanda na kushuka ni raba yenyewe inajinyonga. Ukiikaza gari ikiwa hewani, am imening'inia chini, raba inakubali pale kwamba hapo ndo mapumziko yake. Ukishusha gari tayari imenyongwa, imepaki imenyongwa, inalala imenyongwa, tuta likija inanyongwa zaidi mpaka inachanika. Hii yangu ndivyo ilivyofungwa, nilikuwepo, nilimuona fundi anamalizia kukaza kila kitu gari iko juu na mi sikujua kitu.

Dawa yake haina gharama. Gari ikiwa juu ingiza bolti, zishike kwa kubana kidogo tu. Rudisha tairi, shusha gari ikanyage mbao nene 2 upate nafasi ya kuingiza mkono, itikise mbele na nyuma ikae sawa, ndo ukaze kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa namba ya kitabu cha gari. Nati za tairi kwa hii Corolla ni 103 Nm. Kisha peleka alaimenti, yani wakanyooshe tairi, usiseme utaenda wiki ijayo.

Poli ndo ziliingia kwanza, nikakaa nazo miezi 3. Steringi ilikuwa kali, breki zimenyooka, barabara ya lami unafurahi kweli. Kwenye poli chuma cha ndani kinazunguka chenyewe kwahiyo suala la kukaza hewani halina uzito sana, ila zinataka grisi ya silikoni na vumbi la huku mtaani kwetu Goba ni adui yake, mvua zilipoanza zikaanza kulia kama kitanda cha kamba. Na kila kijiwe nilikisikia kwenye usukani. Mama alikataa kabisa kupanda kwenda nayo kliniki, mgongo wake haukuweza.

Nikazitoa, nikafunga raba, nikakaza gari ikiwa chini. Leo ni mwezi wa 14, barabara ileile, matuta yaleyale. Nimelala chini asubuhi hii na tochi, angalieni picha hii, raba haina hata ufa wa unywele.

Kwahiyo kwa gari ya kazini na familia mi nanunua raba, poli namuachia mwenye gari ya mbio au anayekaa lami tupu na yuko tayari kuzifungua kuzipaka grisi. Na kama huna vifaa vya kuvuta bushi, ulizia lowa am nzima mpya yenye bushi zake tayari, unalipa zaidi lakini unafunga bolti tu. Hata hiyo, kaza ikiwa chini. Kama fundi ndo anakufungia simama pale, muombe kwa heshima kabisa, "fundi, naomba zile za mwisho tuzikaze gari ikishakanyaga."